Meza ya Kijiko

Ustaarabu unataka kila mtu ale na kijiko chake. Katika nyumba aliyoolewa Mama Kinda kijiko kilikuwa kimoja, na hakuna aliyewahi kulala na kinyongo.

Kilikuwa kikubwa, cha bati, mpini wake umepinda kuelekea kushoto. Bibi, mama mkwe wake, aliwalea watoto sita kwa kijiko hicho. Unachota mara moja, unakula, unampa aliye karibu nawe. Hata kama asubuhi mligombana mpaka mkachaniana mashati, kijiko lazima umkabidhi mkononi huku ukimtazama usoni. Watoto wale walikua, kila mmoja akanunua vijiko vyake, seti nzima yenye maua kwenye mipini, lakini ukiwauliza ninyi ni akina nani, watakujibu kwa kujidai, "Sisi kijiko kimoja." Walilitamka neno hilo kama wengine wanavyotamka jina la ukoo wenye mashamba.

Mama Kinda aliyaingia maji hayo siku ya kwanza ya ndoa. Alikipenda kile kijiko kuliko mahari. Na kwa sababu alilipenda neno lile, siku moja alilibeba akaenda nalo kazini.

* * *

Kazini kwenyewe ni mkahawa wa tambi, katika mtaa ambao kila baada ya milango miwili mitatu kuna anayeuza chakula cha Asia. Huku wanabana wali na samaki mbichi, kule wana mchuzi wa bizari unaowasha mpaka masikio, na katikati upo mkahawa wa Madamu, wenye taa nyekundu za karatasi na viti vya plastiki. Watu waliupenda kwa kuwa bakuli lake ni kubwa na bei yake haitishi. Madamu alikuja mjini na mumewe kutoka huko mbali, zamani. Mume alizikwa hapahapa, na yeye alibaki na mkahawa na Kiswahili alichokijua mpaka kwenye matusi yake. Tambi alizivuta mwenyewe kwa mikono. Vifuko aliwaachia wengine.

Vifuko ndivyo walivyoviita jikoni: unga mwembamba unakunjwa juu ya nyama ya kusaga na vitunguu, unafungwa kwa mikunjo midogo kama mdomo wa kikoba cha hela, kisha unapikwa kwa mvuke. Mkunjaji alikuwa Mama Kinda. Jikoni hawakumjua kwa jina jingine ila Mama Vifuko.

Mkuu wa wahudumu aliitwa Tai. Wateja walidhani ni kwa sababu ya ile tai nyeusi aliyoifunga shingoni hata siku za joto. Waliofanya kazi chini yake walijua ni kwa sababu ya yule ndege.

Sasa, miezi kadhaa nyuma, iliingia familia ya watu wanne ikaagiza bakuli moja. Mama Kinda aliwachungulia kupitia kidirisha cha kutolea chakula. Alimwona baba anampa mama, mama anampa mtoto, na moyo wake ukachanua. "Kumbe na hawa kijiko kimoja," akasema, akawahadithia wenzake habari za Bibi na watoto wake sita. Tai alikuwa kidirishani akisubiri sahani. Alisikia neno, hakusikiliza hadithi.

Wiki iliyofuata neno lilikuwa limeshavalishwa nguo nyingine. "Kijiko, chooni!" Tai alipaza sauti, na jikoni nzima wakaelewa: wameingia watu wengi wenye hela ya bakuli moja, wamekalishwa meza iliyo karibu na mlango wa choo, wasipelekewe ile chai ya bure, na asihangaike mtu kuwauliza kama wanataka kitu kingine. Mara ya kwanza Mama Kinda alicheka pamoja na wengine, kwa kuwa kicheko cha jikoni ni kama mvuke, hujui kimekuingia saa ngapi. Baadaye aliacha kucheka. Lakini hakusema kitu. Nyumbani kwake mtu pekee aliyekuwa akileta chakula ni yeye. Mumewe, fundi rangi, alikuwa amepaka ghorofa nzima ya mtu aliyehama bila kuacha anwani.

Na kulikuwa na habari ya kioo. Madamu alikuwa anabomoa ukuta wa mbele aweke kioo, wapita njia wasimame wamwone mkunjaji akikunja. Atakayekaa nyuma ya kioo atavaa kofia nyeupe, mshahara utapanda karibu nusu yake, na mgongo wake hautakuwa tena jirani na masinki ya vyombo. Waliokuwa wakifikiriwa walikuwa wawili, na Madamu alisema Jumamosi atakuwa ameamua.

* * *

"Mama, kile chakula hutakipenda," Mama Kinda alisema Ijumaa jioni, akimvulia Bibi viatu. "Tambi zenyewe ndefu kama kamba za hivi viatu."

"Mimi nimekaa gizani mwaka mzima," Bibi akajibu. Mtoto wa jicho alikuwa ametolewa majuzi tu, na bado alivaa miwani nyeusi ya kliniki. "Sasa jicho limefunguka. Nimewaona majirani, wamezeeka. Nimeuona uso wako, umekonda. Nataka nikaone na huko unakokondea."

"Kesho nawapeleka," Baba Kinda akadakia. "Nina ile hela ya kibanda cha duka nilichopaka."

"Hela ile si tulisema ya..."

"Ni ya mama yangu kuona. Akiona, tutaanza kuhesabu mengine."

"Si kesho, baba. Kesho kuna mambo ya kioo."

"Ndiyo vizuri! Tutakuja tukushangilie."

Kinda, mtoto wao aliyekuwa darasa la tatu, tayari alikuwa ameshika penseli mbili akijaribu kuokota kifutio. Mama yake alimfundisha hivyo, kwa mzaha, jioni moja umeme ulipokatika. "Bibi, mimi najua kula kwa vijiti," akasema. "Nitakulisha."

Mama Kinda akameza mate. Angewaambia nini? Kwamba huko mtaitwa kijiko? Akawasihi waje saa tisa, akisingizia kuwa saa hiyo hakuna msongamano. Ukweli ni kwamba saa tisa Tai hutoka kwenda kuvuta sigara na kunyoosha miguu, na zamu yake hushikwa na msichana mmoja mpole ambaye huwapa chai watu wote.

* * *

Mtu aliyefunguliwa macho hasubiri saa tisa. Saa nane haijafika, Mama Kinda aliinua kichwa kutoka kwenye unga akawaona mlangoni, chini ya taa nyekundu. Baba Kinda alikuwa amevaa koti la harusi yao, ambalo sasa lilimbana kwapani. Kinda alikuwa na riboni. Bibi alivaa gauni lake la bluu la siku kuu na ile miwani nyeusi, akitazama juu, kulia, kushoto, mdomo wazi kwa furaha, kama mtu aliyeteremshwa katika nchi ya watu wengine.

Tai aliwapandisha na kuwashusha kwa macho. Akaishia kwenye viatu vya Baba Kinda, vilivyokuwa na matone ya rangi ya njano.

"Wangapi?"

"Watatu, baba," Bibi akasema, "na mmoja atatukuta."

Akawaongoza moja kwa moja hadi meza ya mlango wa choo. Meza hiyo ilikuwa mkabala na kidirisha, hatua chache tu. Mama Kinda alisikia kila neno, na akainama zaidi kwenye unga wake.

"Hii namba kumi na saba ina nini?" Baba Kinda akauliza, menyu ameishika mbali na macho.

"Imeandikwa hapo."

"Naona imeandikwa. Nauliza ina nini."

"Tambi."

"Na kumi na nane?"

"Tambi."

Bibi akacheka. "Basi tuletee tambi, baba, kabla hujachoka."

"Bakuli moja, lile kubwa," Baba Kinda akasema, kidole kikiwa upande wa bei. Alifikiri kidogo. "Na sahani moja ya vifuko. Tuna sababu ya kula vifuko hapa."

"Vinywaji?"

"Maji."

"Ya chupa?"

"Ya kunywa," Bibi akasema. Kisha akaokota vijiti kutoka kwenye kopo. "Na hivi ndivyo vya kuchokonolea meno? Meno ya nani makubwa hivi?"

"Bibi, ni vya kulia!" Kinda akapasuka kwa kicheko.

Tai hakucheka. Aligeuka akaja kidirishani, uso wake ukawa karibu na wa Mama Kinda kiasi kwamba mama huyo aliweza kunusa mafuta ya nywele zake. Hakumtazama. Alitupa sauti juu ya kichwa chake, ile sauti ya kuwachekesha watu wa ndani, ambayo kila siku husikika mpaka meza ya tatu.

"Kijiko, chooni! Bakuli moja, roho tatu!"

Na nyuma yake, kwenye meza ya mlango wa choo, mkono ukanyooshwa juu.

"Ndio sisi!" Bibi akaita. "Ndio sisi, baba! Kijiko kimoja! Nani amekwambia? Mkwe wangu, eh?" Akamgeukia mwanawe, uso unang'aa. "Umesikia? Wanatujua hapa! Kumbe ametutangulizia jina!"

Jikoni mtu akaangusha mfuniko. Wahudumu wawili wakashikana mabega kwa kicheko. Tai alisimama pale kidogo, kama aliyeokota noti barabarani na bado haamini, kisha akageuka taratibu akiwa amevaa tabasamu jipya kabisa.

"Tunawajua sana, Bibi," akasema. "Ukoo wa Kijiko! Nani asiyewajua?"

"Mwenyezi akuzidishie, mwanangu."

* * *

"Umekisikia kile kikongwe?" Mpishi wa Supu alikuwa akijifuta machozi kwa kitambaa cha kushikia sufuria. "Mama Vifuko, kimejitangaza chenyewe! Tangu nianze kazi hapa sijaona kijiko kinachonyoosha mkono!"

Mama Kinda aliendelea kukunja. Mpishi akamtazama vizuri.

"Nini?"

"Yule ni mama mkwe wangu. Yule mwenye koti ni mume wangu."

"Ala."

Mpishi akarudi kwenye sufuria lake akaanza kukoroga supu isiyohitaji kukorogwa. Baada ya muda akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Usitoke. Nisikilize, mama. Leo siyo siku ya kutoka."

Na kweli haikuwa siku ya kutoka, maana Madamu alikuwa anakuja kutoka ghalani, mikono imejaa unga mpaka viwiko. Alisimama kando ya Mama Kinda, akachukua kifuko kimoja kwenye trei, akakigeuza chini ya taa, akaipitia mikunjo yake kwa ukucha.

"Mkono wako hauna papara," akasema. "Yule mwingine anakunja upesi, lakini vyake vinafumuka kwenye mvuke. Fundi anamaliza kioo Jumatatu. Utakaa wewe. Usimwambie mtu mpaka tufunge."

"Asante, Madamu."

Siku nyingine yoyote angepiga kigelegele papo hapo. Sasa alisikia asante yake ikitoka kama ya mtu mwingine, kwa sababu kule ukumbini Tai alikuwa anaipeleka trei mezani kwa mwendo wa maandamano, na juu ya trei, kando ya bakuli na sahani ya vifuko, juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa pembe nne, alikuwa ameweka kijiko kimoja. Kile kifupi cha udongo, cha kunywea supu. Alipofika alikunja goti.

"Kijiko cha ukoo," akatangaza.

Vijana watatu wa meza ya pili walikuwa wameshatoa simu. Bibi alikipokea kijiko kwa mikono miwili.

"Kaka," Baba Kinda akasema kwa sauti ndogo, "tuletee na vingine viwili."

"Vya nini?" Bibi akamshangaa. "Tangu lini?"

Baba Kinda alikuwa amewaona wahudumu. Alikuwa ameziona simu. Hakuelewa neno lenyewe, lakini mtu aliyezoea kusubiri malipo kwenye ngazi za watu hujua kicheko cha aina ile hata akikisikia kwa mgongo. Jasho likamtoka kwenye paji la uso likashuka mpaka kwenye kola ya koti la harusi. Hakulifuta. Alimtazama mama yake akichota, akipuliza, akimlisha Kinda, na yeye akasubiri zamu yake huku anatabasamu kwa lazima.

Mama Kinda akakunja kifuko kimoja. Akakunja kingine. Vilitoka vizuri, hata hilo lilimuuma.

Ndipo Kinda akainua macho. Kupitia kidirisha walionana, mama na mtoto, na mdomo wa Kinda ukafunguka kuita. Kisha akasita. Aliwatazama wahudumu waliokuwa wanachekana karibu na friji, akamtazama baba yake, akamtazama tena mama yake ndani ya aproni. Akaufunga mdomo. Akainamisha macho, akasogeza kiti chake polepole mpaka akawa amekipa kidirisha mgongo.

Mtoto wa darasa la tatu alikuwa ameamua kutomjua mama yake, ili asimharibie kazi.

Mama Kinda akafungua bomba, akanawa mikono, akapita kwenye mlango uliobandikwa tangazo kwamba mwenye aproni haruhusiwi kwenda ukumbini.

* * *

"Huyo hapo!" Bibi akasema. "Umechelewa, zamu ilikuwa inakaribia kukupita."

Mama Kinda akakaa kwenye kiti cha nne. Bibi akampangusa nyusi kwa kidole gumba, akacheka. "Unga mpaka huku. Kweli hapa unafanya kazi." Akamkabidhi kijiko mkononi, akimtazama usoni.

"Mama Vifuko!" Tai alikuwa ameshafika. "Umepotea njia? Aproni ukumbini?"

"Leta chai, Tai."

"Nini?"

"Chai. Meza zote zina birika. Hii haina."

"Wewe mwenyewe unajua hii ni meza ya..." Akamtazama Bibi, akamtazama Mama Kinda, akaiona ile mikono yao juu ya kijiko kimoja. Akili ikamjia taratibu, na rangi ikamtoka taratibu vilevile.

"Malizia."

"Nenda jikoni, mama. Tutaongea."

"Tunaongea sasa. Meza ya nini? Neno umelitoa kwa sauti mpaka barabarani wamelisikia. Lirudie. Mtazame mama yangu, umwambie na maana yake."

"Kumekucha," mmoja wa wale wenye simu akanong'ona. Kwenye meza nyingine watu waliacha kutafuna. Tai aliishika tai yake akainyoosha, ingawa ilikuwa imenyooka.

Bibi akavua miwani. Jicho lililofanyiwa kazi lilikuwa bado jekundu pembeni, lakini lilikuwa linaona. Lilimwona Tai. Likaenda mpaka kwa wale wahudumu wa karibu na friji, likaenda kwenye simu, likarudi kwa mwanawe na jasho lake.

"Mwanangu," akamwuliza Mama Kinda, "kuna maana nyingine?"

"Ipo, Mama."

"Niambie."

"Hapa kijiko ni mtu asiye na hela. Akija na watu wake wakaagiza bakuli moja, anakalishwa hapa, karibu na choo. Chai hapewi."

"Nani alilileta neno hapa?"

"Mimi. Nililileta zima. Wamelivunjia hapa."

"Na walipokuwa wanalivunja, ulikuwa unafanya nini?"

Mama Kinda akatazama chini. "Siku ya kwanza nilicheka, Mama. Siku zilizofuata nilinyamaza."

Bibi akaufunua mkono wake wa kulia, ule aliounyoosha, akautazama kana kwamba umemtia aibu wenyewe. Baba Kinda akasukuma kiti nyuma, "Mama, twende nyumbani," lakini hakuna aliyeinuka.

"Kwa hiyo pale niliponyoosha mkono..."

"Ndiyo, Mama."

"Wote hawa."

"Ndiyo."

Mama Kinda akaushika mkono ule wa Bibi. "Mama, nisame..."

"Koma!" Bibi akamkata. Hakupaza sauti, lakini Kinda alishtuka. "Hilo la kucheka tutalizungumza nyumbani, mimi na wewe, na nitakusema mpaka unione mbaya. Lakini neno usiliombee radhi. Ukiliombea radhi utakuwa umekubaliana nao kwamba ni tusi. Nimelea watu sita ndani ya neno hilo." Akavaa miwani. "Haya, chota. Kinapoa."

Mama Kinda akachota, akala. Supu ilikuwa imeshapoa kweli, na tambi zimeanza kunenepa.

* * *

Madamu alitokea akiwa amefunga kitambaa kibichi kiunoni. "Kuna nini? Mteja wa kule mbele ananiuliza hapa ni mkahawa au ni baraza la usuluhishi."

"Amenitukana mbele ya wateja," Tai akasema.

"Hajamtukana mtu!" Sauti ya Mpishi wa Supu ilitoka kidirishani, na kichwa chake kikapotea hapohapo.

Madamu akatazama meza: bakuli moja, watu wanne, kijiko kimoja, vifuko ambavyo havijaguswa. Hakuwa mtu wa kuelezwa mambo mara mbili. Akavuta kiti cha meza ya jirani akakaa, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayejaribu kuokoa sahani kabla haijafika sakafuni.

"Kwetu tulikula bakuli moja watu wanane. Sisemi umekosa kuwapenda watu wako. Lakini nikikuachia wewe utoke na aproni ugombane ukumbini, kesho mkosha vyombo naye atatoka na ndoo yake. Nitamwambia nini? Mwambie Tai samahani. Waambie na wateja. Halafu rudi ndani, na lile nililokwambia lipo palepale. Kioo ni chako."

"Kioo?" Baba Kinda akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu waingie, uso wake ulifunguka. "Umepata kioo?"

"Nimeambiwa sasa hivi."

"Mama Kinda!" Akamshika mkono chini ya meza. "Basi sema. Sema yaishe. Mimi mwenyewe nimeshasahau."

"Hujasahau. Jasho linakutiririka."

"Jasho ni la supu."

"Supu imepoa, baba."

Baba Kinda akamwachia mkono, polepole.

Mama Kinda akageuka akakitazama kile kioo kule mbele, kimebandikwa karatasi za fundi zenye umbo la msalaba, na nyuma yake watu wakipita na mizigo yao. Alijiona na kofia nyeupe, mikono yake ikitazamwa na mtaa mzima. Alijisikia pia, mgongoni, ile sauti ya Tai ikiita, mara tatu nne kwa siku, na yeye akiwa amekaa mbele ya watu wote na uso wa mtu asiyesikia.

"Neno hilo ataliacha?" akamwuliza Madamu.

"Ni utani wa kazi tu."

"Ataliacha?"

Madamu akamtazama Tai. Tai akatazama viatu vyake, vilivyong'aa, visivyo na tone la rangi.

"Hilo tutakuja kulizungumza," Madamu akasema. "Samahani kwanza."

Mama Kinda akakabidhi kijiko kwa mumewe. Alimkabidhi kama sheria ya nyumba inavyotaka, mkononi, macho kwa macho, na hakukiachia upesi. Baba Kinda alimtazama. Mdomo ulimcheza kama anayetaka kusema mambo ya kesho, unga wa nyumbani, ada ya Kinda, na mambo yote hayo yalikuwa ya kweli na yeye aliyajua. Kisha akakipokea. Akachota, akala, akajifuta jasho, hatimaye, kwa mkono wa koti la harusi.

Mama Kinda akafungua aproni. Vidole havikujua kuwa kazi imeisha. Viliishika pindo kwa pindo, vikaikunja mikunjo midogo midogo, mpaka alipoiweka mezani mbele ya Madamu ilikuwa imefanana na kifuko kikubwa. Kinda alikiona, akaficha kicheko kwenye bega la Bibi. Halafu akageuza kiti chake, kikakitazama kidirisha tena.

Madamu aliiangalia ile aproni kwa muda mrefu. Ilikuwa imekunjwa vizuri mno, na hilo lilimkasirisha na kumsikitisha kwa pamoja.

"Neno moja tu," akasema. "Neno moja, Mama Vifuko, urudi kwenye kazi yako."

"Naitwa Mama Kinda, Madamu. Na siombi radhi."